Neno la Kiingereza Lililomkamatisha Kaka Yako

Mpendwa wifi Spesiyoza,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Kwanza niliiandika kwa Kinyarwanda, ikawa kama hotuba ya kanisani. Sasa nimerudi kwenye Kiswahili, lugha tuliyokuwa tukitaniana nayo jikoni, wewe na Kiswahili chako cha Kampala, mimi na changu cha Buyenzi ya Bujumbura, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba chake ndicho kibovu. Nina jambo la kukwambia. Nitalifikia, ila usinikatize. Ulikuwa na tabia hiyo ya kukatiza.

Naikumbuka siku uliyofika kwetu Nyakabanda, Kigali, mwaka mmoja kabla ya vita. Ulishuka na sanduku moja na gauni la kijani, na kaka yako Anastazi akaiacha randa juu ya ubao akakimbia kukupokea, nywele zimejaa vumbi la mbao. Hakuwa amekuona tangu ukiwa na miaka sita, familia yenu ilipotawanyika, wewe ukapelekwa Kampala kwa shangazi yenu na yeye Bujumbura, ambako alijifunza useremala na ambako alinioa mimi. Kurudi kwake Kigali kulikuwa kwa bahati: padri mmoja alimwombea kibali ili atengeneze mabenchi ya kanisa. Wewe ulikuja na kibali cha kumtembelea miezi mitatu, ukabaki.

Ulimkumbatia mume wangu kwa muda mrefu, mkalia wote wawili. Halafu ukanigeukia ukanitazama kama mtu anayetazama kabati alilolikuta ndani ya nyumba, anajiuliza litakaa wapi. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Inawezekana ulikuwa umechoka na safari tu. Lakini tangu siku hiyo nilianza kukuchunguza. Ukicheka na Anastazi, nilisogea nisikie mnacheka nini. Ukiongea peke yako kwa Kiingereza ukifua nguo, niliamini unanisema. Kinyarwanda changu kilikuwa kizuri, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu, hakuna mlilosema nyinyi wawili lililonipita. Kiingereza tu ndicho sikukijua, na humo ndimo nilimoweka kila nililoliogopa.

Kisha vita vikaanza kaskazini. Waliokuja na bunduki walitoka Uganda, na watu wakasema wanaongea Kiingereza, kwa hiyo kila aliyekijua akawa mtu wa kuangaliwa. Ukumbuke neno lile, ibyitso, washirika wa adui, lilivyokuwa likisemwa redioni, dukani, hata kwenye foleni ya bomba la maji. Wanaume wa mtaa wetu walichukuliwa, wengine wakarudi, wengine hatukuwaona tena. Anastazi akakuketisha akakwambia, “Spe, Kiingereza chako kifungie sandukuni. Nje sema Kinyarwanda. Ukikosea, nyamaza.”

Ulijaribu. Lakini ulikuwa mtu wa maneno, ukayaleta kwangu. Alasiri, vyombo vimeoshwa na binti yangu Klaudina amelala, ulifunga dirisha ukatoa daftari lako la jalada la buluu ukanifundisha kwa sauti ya chini. Ulipenda maneno yenye maana nyingi kuliko yote. Siku ya “right” uliniambia kwamba ni kulia, ni haki, na pia ni sahihi. Nikakuuliza, “Kwa hiyo wenye kutumia kushoto kwenu hawana haki?” Ukacheka mpaka ukaanguka kitandani ukajiziba mdomo kwa mto, maana tuliogopa jirani asije akasikia. Siku hiyo nilikupenda, wifi. Nataka ujue kwamba zilikuwapo siku kama hizo. Hazikunitosha.

Maana mlikuwa na ile habari ya kiwanja. Anastazi alikuwa amechoka na karakana ya kupanga, mbao zikikaukia njiani na watoto wakizikanyaga. Alitaka ardhi Masaka, nje ya mji, ajenge karakana yenye uwanja. Binamu yenu wa Kampala alitaka washirikiane naye, ili siku moja akiruhusiwa kurudi awe na mahali. Mlikwenda kuiona ardhi hiyo, wewe na kaka yako. Mimi niliambiwa nitapelekwa mambo yakiwa tayari. Nikajiuliza kwa nini. Nikajijibu kwamba ni ardhi ya ukoo, na mimi ni Mrundi, mke wa kutoka nje.

Mwaka wa pili wa vita dereva wa lori aliyetokea upande wa Tanzania akaleta bahasha. Ilitoka kwa binamu yenu, ambaye alikulia Uganda na hakujua kuandika lugha yoyote kati ya zetu, ila Kiingereza tu. Tulikaa sebuleni sisi watatu. Zilikuwa kurasa mbili, mwandiko mdogo umejaa hadi pembeni. Ulisoma kimya, kisha ukasema, “Anawasalimu. Anauliza kiwanja cha Masaka kimefikia wapi. Anasema tusimwambie mtu mpaka tumalizane na mwenye shamba, kuna wengine wanaolitaka. Na anauliza siku ya kuchimba msingi watahitajika wanaume wangapi. Basi.”

Kurasa mbili, sentensi nne. Tena nilikuwa nakutazama. Macho yako yalipofika katikati ya ukurasa wa pili yalisimama, yakaniangalia mimi, yakaruka chini. Nililiona hilo kwa macho yangu haya, na hadi leo najua kwamba sikukosea. Kulikuwa na kitu ulichokificha.

Barua uliiweka chini ya godoro lako. Kesho yake ulipokwenda bombani niliitoa. Sikuweza kuisoma, ila neno moja nililiona likijirudia: “plot”. Lilipokuja mara ya nne nikaamua kwamba siri iko humo. Nilichukua kipande cha karatasi nikanakili sentensi moja yenye neno hilo, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. “Tell nobody about the plot.” Nikairudisha barua mahali pake, nikateremka nyumba nne chini, kwa Mwalimu Viyateri.

Unamkumbuka, yule aliyefundisha Kifaransa, miwani imefungwa kwa uzi, mpole wa kusalimia. Nilijua ana kamusi nene ya Kiingereza na Kifaransa. Nilimwambia kwamba sentensi ile niliikuta kwenye kitabu cha zamani, nataka tu kujua. Alikaa mezani, akafungua, akateremsha kidole kwenye ukurasa. Kidole kikasimama.

“Complot,” akasema. Akaniangalia juu ya miwani. “Ni njama, mama. Mpango wa siri wa kuleta ubaya. Hapa inasema, usimwambie mtu yeyote habari za njama.”

Sikumuuliza kama neno lina maana nyingine. Wewe mwenyewe ulikuwa umenifundisha, alasiri ngapi, kwamba neno moja la watu hao linaweza kuwa vitu vitatu. Nilikuwa nimepata nililolitafuta, nikasimama niende.

“Kitabu gani hicho, mama?” akaniuliza.

“Cha zamani, mwalimu. Hakina hata jalada.”

Akaikunja karatasi yangu akaitia katikati ya kamusi, kama alama ya ukurasa. Nikaona aibu kuiomba. Nikaenda.

Alasiri ile ile nilikutega. Ulifungua daftari, nami nikasema kwa sauti ya mtu asiyejali, “Na ‘plot’ ni nini?”

Ulifurahi! Uso wako ulifunguka kabisa. “Aa, hilo zuri. Kwanza ni kiwanja, kipande cha ardhi, kama kile cha Masaka. Hapo unaweza kusema pia ‘land’, au ‘piece of ground’. Pili, ni mtiririko wa hadithi, nini kinafuata nini. Hapo unaweza kusema ‘story’. Na kuchora mahali kwenye ramani, hilo pia ni ‘plot’.”

“Yameisha?”

Ukakaa kidogo. Ukatazama dirisha. “Iko na maana nyingine,” ukasema polepole. “Njama. Hapo ‘conspiracy’, au ‘scheme’. Ingawa ‘scheme’ yenyewe wakati mwingine ni mpango mzuri tu, wa kazi. Inategemea limekaa na maneno gani.” Ukaandika yote kwenye daftari, moja chini ya jingine, halafu ukauliza, “Kwani umelisikia wapi?”

“Ulilitaja wewe, ukisoma barua.”

Hukuwa umelitaja, ulitafsiri moja kwa moja. Wote wawili tulijua. Ukalifunga daftari, na mimi nikakutazama unavyolifunga, nikahesabu pumzi ulizovuta kabla ya kusema njama, nikasema moyoni, ndiyo, huyu anajua anachokificha.

Siku ya tano baadaye walikuja. Ilikuwa asubuhi, uji wa Klaudina uko motoni. Mkuu wa seli, yaani kiongozi wa mtaa wetu, alikuja na askari wawili. Wewe hukuwapo. Ulikuwa umetoka mapema bila kuaga, jambo ambalo hukuwa ukilifanya kamwe, na hilo nalo nililiweka akibani.

“Anastazi,” mkuu wa seli akasema, “wewe iko na barua ya Uganda.”

Kaka yako hakukana. Alisema ni ya binamu, ni ya salamu. Wakaingia chumbani kwako, wakaenda moja kwa moja kwenye vitu vyako, wakatoa barua chini ya godoro, wakatoa na daftari. Mkuu wa seli akafungua kurasa mpaka akafika pale ulipoandika. Hakujua Kiingereza, ila aliitambua sura ya neno.

“Hii hapa. Hii tunaijua. Njama. Wameandika wenyewe. Na Masaka, Masaka iko wapi? Si ile ya Uganda?”

“Ni Masaka ya hapa, mkubwa. Njia ya Kabuga. Ni shamba. Anauliza tu wanaume wa kuchimba msingi.”

“Na wanaume wangapi watahitajika? Wa kulima maharage?”

Askari mmoja akacheka. Wakamfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe ya kufungia mbao. Alinitazama, wifi, akasema tu, “Toa uji motoni, unaungua.” Wakaondoka naye.

Ulirudi baada ya saa nzima, kikapu mkononi, umekwenda soko la mbali kutafuta samaki wadogo wa Klaudina kwa sababu alikuwa hataki kula. Uliona godoro lako limepinduliwa. “Nani?” ukauliza. “Nani amesema?”

“Wewe ndiye wa kuniambia mimi nani,” nikakujibu.

Nilipiga hesabu yangu hivi. Waliojua barua walikuwa watatu. Anastazi hawezi kujichongea. Mimi nilikuwa nimetoa neno moja tu kwa mtu mmoja, na neno moja, nilijiambia, si barua. Umebaki wewe. Kwa nini umchongee kaka yako? Hilo pia nililipatia jibu: ili uokoe ngozi yako, uliyekuja kutoka Uganda na Kiingereza chako, ukaona ni yeye au wewe. Mtu akishaanza kushuku hakosi jibu.

Halafu kesho yake Mama Goreti wa ng'ambo ya njia akaja kuniambia kwa huruma ile inayofurahi, “Wifi yako nimemwona nyumbani kwa mkuu wa seli. Jana alikaa kule alasiri nzima. Na leo yuko kule tena.”

Uliporudi ulikuta sanduku lako nje ya mlango. Gauni la kijani nililitupa juu yake, hata sikulikunja. Majirani walikuwa wamesimama.

“Wifi, sikiliza,” ukasema.

“Usiniite wifi.”

“Nisikilize kwanza, halafu utanifukuza.”

“Nenda kaongee na yule uliyekuwa unaongea naye.”

Ulifungua mdomo. Nakumbuka vizuri sana kwamba ulifungua mdomo. Kisha ukaufunga. Uliinama, ukalikunja gauni taratibu, ukalitia sandukuni. Klaudina alikuwa akilia ameshika sketi yako, ukamwondoa vidole kimoja kimoja. “Samaki wake uwasage kwenye uji,” ukaniambia, “akiwaona hatakula.” Ukaondoka na njia ya chini. Baadaye nilisikia kwamba ulipokelewa Kagarama, upande wa pili wa mji, kwa familia ya muuguzi mliyekuwa mkisali naye.

Anastazi alirudi siku ya kumi na sita, kwa miguu, amekonda, sikio moja halisikii vizuri na halijasikia vizuri tena mpaka leo. Nilimwosha. Nilimpikia. Alipokula akauliza, “Spe yuko wapi?”

Nikamwambia nilivyokufukuza na sababu. Aliacha kijiko ndani ya sahani.

“Spe ndiye aliyenitoa,” akasema.

Ndipo aliponisimulia. Kwamba ulikwenda kwa mkuu wa seli ukakaa uani kwake, ukakataa kuondoka mpaka akubali kukupeleka kwa ofisa aliyemshikilia kaka yako. Kwamba mbele ya ofisa huyo uliisoma barua yote, kurasa mbili, neno kwa neno, na kuiweka kwa Kifaransa chako kibovu. Ofisa akasema hadanganyiki, neno moja haliwezi kuwa kiwanja na njama kwa pamoja, lugha gani hiyo. Na wewe, ambaye kwa kusema Kiingereza tu ungeweza kufungwa humo humo, ukamuuliza, “Mkubwa, ukimtuma mtu sokoni akuletee ‘avocat’, atakuletea parachichi au wakili?”

Anastazi, aliyekuwa amesimamishwa hapo, anasema alidhani wote mmekwisha. Kisha ofisa akaanza kucheka. Hakumwachia siku hiyo. Siku tatu baadaye aliwapakia garini nyinyi wawili mpaka Masaka. Mwenye shamba, mzee wa watu, akaonyesha mipaka, mkonge upande huu, kijito upande ule. Ofisa akatembea akaizunguka ardhi yote, akapima kwa hatua, akasema, “Kweli ni shamba.” Hivyo tu. Mzee huyo hakutaka tena kutusikia, ardhi akampa mtu mwingine, na sikumlaumu.

“Na ile sentensi aliyoiruka?” nikamuuliza kaka yako, maana hata hapo shaka yangu haikuwa imekufa. “Kulikuwa na kitu katikati ya ukurasa wa pili.”

Hakupenda kunijibu. Nikambana. Binamu yenu alikuwa ameuliza kama ni lazima jina la “yule Mrundi wako” liandikwe kwenye karatasi za kiwanja, maana mwanamke wa nje huondoka na mali. “Spe aliiruka ili usiumie,” akasema Anastazi. “Alikuwa amemwandikia jibu la hasira. Lilikuwa bado halijapata wa kulipeleka.”

Wifi, nilipaswa kushika njia ya Kagarama saa ile ile. Sikwenda. Kuja kukuomba radhi kungenilazimu kufika kwenye nyumba ile ya nne, kwenye kamusi, kwenye karatasi. Anastazi alipouliza, “Nani basi aliyewaambia?” nilimjibu, “Majirani. Si unawajua.” Akatikisa kichwa. Mimi, niliyekuwa nimeshuku kila mtu, nilishukuru Mungu kwamba mume wangu hashuku.

Mwalimu Viyateri aliendelea kunisalimia kwa upole ule ule. Sijui kama alikwenda kwa mkuu wa seli kwa kukusudia, au alilitaja tu kwenye mazungumzo, au aliogopa kwamba akinyamaza atashukiwa yeye. Nimekaa na maswali hayo miaka mingi. Nilichokijua ni kwamba hakuwahi kunirudishia karatasi, na mimi sikuwahi kuiomba.

Nyakabanda haikukalika tena. Kila mlango ulipogongwa Anastazi alisimama na kuvaa viatu. Tukaamua kwenda Bujumbura, kwa wazazi wangu Buyenzi, mpaka hali itulie. Ulikataa kuja nasi. Ulisema umepata kazi ya kuchapa kwa mashine, na kwamba umechoka kuwa mgeni kila mahali. Asubuhi ya safari ulikuja kituo cha mabasi. Sikukutarajia. Ulimletea Klaudina sweta ya njano uliyoifuma mwenyewe, kubwa kwake, “ili akue ndani yake,” ukasema. Kaka yako ukamshika uso kwa mikono miwili. Halafu ukanijia mimi.

Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilisema, “Spe, siku ile ya sanduku...”

“Siku ile imepita.”

“Kuna jambo.”

“Basi linaondoka, wifi.”

Kweli dereva alikuwa ameshapiga honi. Nikasema lile ambalo mtu husema asipoweza kusema la maana: “Tutaandikiana.”

“Uandike kwa Kiswahili,” ukasema. “Kiingereza kina matatizo.” Ukacheka, kile kicheko cha kujiziba mdomo, na mimi nikapanda nikiwa nacheka na machozi yananitoka. Sikukuona tena.

Uliandika barua tatu. Nilikujibu mistari michache, ya salamu na hali ya hewa, na nikamwachia Klaudina achore maua nafasi iliyobaki. Kisha ikaja Aprili ya mwaka wa tisini na nne. Tulikaa Buyenzi na redio katikati ya meza, Anastazi ameielekezea lile sikio zima. Tuliporudi Kigali Agosti tulikwenda Kagarama kabla hatujakwenda popote. Nyumba ilikuwa wazi. Mama mmoja wa jirani alitueleza mlivyouawa, wewe, yule muuguzi, mumewe na watoto wao. Alieleza yote. Sitayaandika hapa, wewe unayajua. Miaka baadaye tuliwazika kwa heshima, pamoja na wengine, na Anastazi alitengeneza jeneza lako kwa mikono yake, hakutaka fundi mwingine aliguse.

Niliishi na jambo langu. Nikawa mtu wa kushuku hata zaidi, Klaudina atakwambia. Jirani akiniuliza naenda wapi, namuuliza anataka kujua kwa nini. Mkwe wangu akichelewa kupokea simu, namtungia sababu tatu, zote mbaya. Watu hudhani ni kwa sababu ya tuliyoyapitia. Wananihurumia, nami nawaacha wanihurumie.

Mwezi uliopita Klaudina alikuja na watoto wake chakula cha mchana. Anaandika habari za ukoo ili watoto wazijue. Akaandika majina ya babu na bibi, akafika kwako, akafika kwenye mwaka ule, akauliza kwa urahisi tu, kalamu mkononi, “Na nani alimchongea baba?”

Anastazi alikuwa akimmenyea mjukuu chungwa. Nikaona kwamba nikisema tena “majirani”, uongo utaandikwa, na watoto wa watoto wetu watausoma. Nikasema, “Ni mimi.” Nikaeleza kila kitu, barua, mwalimu, kamusi. Sauti yangu haikutetemeka, nilishangaa. Klaudina aliiweka kalamu chini.

Anastazi aliendelea kumenya. Nilidhani hakunisikia, kwa ajili ya sikio. Nikaanza kurudia kwa sauti kubwa zaidi, akaniinulia mkono.

“Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Spe alijua. Siku ya kwanza tu alipokwenda kule, mkuu wa seli alimwambia. Alimwambia, unahangaika bure, aliyelipeleka neno hilo kwa mwalimu ni mke wa kaka yako mwenyewe.” Akampa mtoto kipande cha chungwa. “Aliniambia garini tukirudi kutoka Masaka. Akasema, usimgombeze, aliogopa tu. Na akasema, usimwambie kwamba ninajua, hataweza tena kunitazama usoni.”

“Miaka yote hii?”

“Siku ile nilikuuliza nani ili useme mwenyewe. Zaidi ya hapo sikuweza, nilimpa neno langu,” akasema kaka yako.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye kamba ya nguo. Kwa siku mbili nilikasirika, wifi, ndiyo, nilikukasirikia wewe. Nilisema ulikuwa unaringa kwa wema wako. Nilisema mlinicheka, wewe na yeye. Nimezoea kutafuta ubaya, hata hapo niliutafuta, nikakusanya kila siku niliyoishi nawe nikaipekua.

Sikuuona. Niliona tu siku ile mlangoni, majirani wamesimama, na wewe unafungua mdomo. Ulikuwa umetoka kwa mkuu wa seli kwa mara ya pili. Ulikuwa unajua tayari. Sentensi moja ingetosha kunimaliza mbele ya mtaa mzima, na sanduku lingekuwa langu. Uliniangalia, ukamwangalia Klaudina, ukaniambia niwasage samaki.

Samahani, Spe. Nimelisema mbele ya kaka yako na mbele ya mwanangu, na sasa nimekuandikia. Klaudina ameliandika pia kama lilivyo, jina langu na lako, hakulainisha. Anastazi amelala alasiri hii, anapumua vizuri. Lala nawe salama.

Mimi wifi yako,
Mariamu